Waliazima ala, hawakuazima maneno

Katika kamati za harusi za siku hizi, ajenda ya muziki huja mwisho. Kwanza huzungumzwa ukumbi, halafu hema, chakula, magari, keki na mpiga picha. Saa zimekwenda, watu wameanza kuchungulia simu, ndipo mwenyekiti anapokumbuka: “Na muziki je?” Mtu hudakia, “Kuna kijana namjua, ana spika kali.” Basi, yamekwisha. Nimeketi katika kamati nyingi za namna hiyo, na sijapata kusikia mtu akiuliza kijana huyo atapiga nyimbo zipi, sembuse nyimbo hizo zinasema nini.

Swali hilo la mwisho si dogo. Katika pwani yetu, kwa muda mrefu, kuchagua burudani ya harusi kulikuwa ni kuchagua maneno. Harusi ilimpa mshairi wa Kiswahili hadhira, ikampa ujira, ikampa na sababu ya kutunga kabla hajajua kwamba kuna kitu kiitwacho mchapishaji. Leo tunajadili ikiwa ni sawa kuleta dijei au bendi, muziki wa kigeni au wa kienyeji. Kwa maoni yangu, mjadala huo umekosea njia. Ukiifuata historia utaona kwamba wazee wetu hawakuwa na kinyongo na muziki wa kigeni hata kidogo. Walichokataa kuazima ni maneno.

Tuanze na neno lenyewe, ngoma. Kwa Kiswahili, ngoma ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji, ni wimbo na ni sherehe nzima. Mtu akikwambia jana alikuwa ngomani, hajakwambia kama alipiga, alicheza, aliimba au alitazama tu. Vyote vimefumbatwa humo. “Muziki”, kwa maana ya sauti peke yake, ni mgeni katika lugha yetu. Kwa mswahili wa karne ya 19, kusema “tutafute muziki, maneno baadaye” kungekuwa sawa na kusema tutafute mchuzi, nazi baadaye.

Ushahidi wa maandishi tunao. Mwaka 1870, mmishenari Edward Steere alichapisha kitabu Swahili Tales, chenye hadithi alizozikusanya Unguja. Pamoja na hadithi hizo alitia mashairi ya gungu, ngoma ya usiku iliyochezwa na watu wenye hadhi zao, harusi zikiwamo. Mashairi hayo yana mafumbo mazito. Aliyealikwa gunguni hakwenda kuchezesha viungo tu. Alikwenda pia kupimwa akili.

Gungu hilohilo limo katika masimulizi ya Fumo Liyongo. Shujaa huyo alipofungwa, aliimba wimbo uliompelekea mamake ujumbe kwa fumbo, kwamba amwokee mkate na ndani yake atie tupa. Walinzi walikula mkate mzuri, wakamwachia mfungwa mkate wa makapi. Kisha Liyongo akaomba apigiwe gungu. Watu wakajaa, vyombo vikalia, na katika kelele zile akakereza minyororo yake hadi ikakatika. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyeuandika utendi wa kisa hicho mwaka 1913, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati, mchongaji na pia mtu wa muziki na ngoma. Alijua vyema alichokuwa akikiandika. Katika kisa hicho wimbo ulikuwa barua, na waliouona kuwa burudani tu ndio walioachwa na minyororo mitupu mikononi.

Harusi ya Mswahili wakati huo haikuwa shughuli ya alasiri moja. Neno fungate, ambalo leo twalitumia kwa safari ya maharusi ya kustarehe, asili yake ni siku saba za maharusi kukaa ndani. Kabla ya hapo kulikuwa na makesha, na kila hatua ilikuwa na ngoma yake. Wanaume wa Lamu walicheza kirumbizi kwa fimbo. Wanawake walikuwa na chakacha, iliyochezwa faraghani mbali na macho ya wanaume, na vugo, ambapo walipita mitaani wakipiga pembe za nyati kwa vijiti huku wakiimba. Vugo ni jina la ngoma na ni jina la pembe yenyewe. Hapo tena, chombo na sherehe vinagawana neno moja.

Kisha kuna lelemama. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa kilichotoka mwaka 1979, ameonyesha jinsi wanawake wa mji huo walivyojipanga katika vyama vya lelemama vilivyoshindana vikali. Viwili vilivyosifika ni Ibinaal Watan na Banu Saada. Ushindani ulikuwa wa mavazi, wa karamu na wa fedha, lakini silaha kali kuliko zote ilikuwa wimbo. Aliyekiuka miiko ya mji angeweza kujikuta ndani ya ubeti. Hatajwi jina. Hana haja ya kutajwa, kwa sababu kila aliyesikia amejua. Fikiria basi uzito wa kuchagua watakaoimba kwenye harusi ya binti yako. Ulikuwa unachagua nani atakusema, nani atakutetea, na nani atanyamaza.

Mtu anaweza kuniambia, “Mwalimu, hayo yalikuwa ya zama za ngoma za asili, kabla ya mambo ya kigeni kuingia.” La hasha. Ya kigeni yaliingia mapema sana, na yalipokelewa kwa mikono miwili.

Chukua beni. Ngoma hii ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya kuelekea mwisho wa karne ya 19, watu walipoziona bendi za kijeshi za Waingereza na tarumbeta zao. Terence Ranger aliifuatilia katika kitabu kizima mwaka 1975. Mombasa kulikuwa na vyama kama Kingi na Skochi, na hawa wa pili walivaa marinda ya Waskoti. Jina lenyewe ni neno la Kiingereza lililovuliwa konsonanti na kutiwa irabu. Baadaye tuliliazima neno lilelile mara ya pili tukapata “bendi”. Kwa hiyo Kiswahili kina watoto wawili wa mama mmoja, beni na bendi, na wala hawafanani. Beni ilipozoea mji ikawa ngoma ya kusindikiza harusi barabarani, na Zanzibar ipo hadi leo. Tarumbeta zilitoka kwa Mwingereza. Nyimbo zilikuwa za Kiswahili, na nyingine zilimcheka Mwingereza huyohuyo.

Au chukua taarabu, ambayo wengi wetu huidhania kuwa ndiyo asili ya Mswahili. Neno lenyewe limetokana na Kiarabu na lina maana ya kuguswa na muziki hadi roho ikachangamka. Yasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kati ya 1870 na 1888, alimtuma Mohammed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza muziki, naye akarudi na ujuzi wa kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa Unguja kikundi cha Ikhwani Safaa. Ilikuwa burudani ya jumba la mfalme na ya watu wakubwa, na iliimbwa kwa Kiarabu. Nakiri kwamba huu ni wakati mmoja ambapo maneno nayo yaliazimwa. Lakini angalia yaliyofuata.

Aliyeigeuza taarabu ni Siti binti Saad, mtoto wa watu maskini wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu. Siti aliimba Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na zilipouzwa zilivuka bahari zikafika Mombasa, Lamu na bara. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Siti aliimba mapenzi, ndiyo, lakini aliimba pia dhuluma na visa vya mjini ambavyo watu walivijua. Aliyemwalika harusini alijua amemwalika mwimbaji mwenye maneno. Ala zilibaki za Misri, lakini kauli ikawa ya Ng’ambo ya Unguja, mtaa wa walalahoi.

Mombasa nayo ilifanya vivyo hivyo, kwa njia yake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, sinema za Kihindi zilipendwa mno mjini humo, na mahadhi yake yakaingia katika taarabu. Gwiji wa mtindo huo alikuwa Juma Bhalo, ambaye alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayapa maneno ya Kiswahili. Maneno hayo yalitoka wapi? Mengi yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir. Naam, ni Ahmad Nassir huyuhuyu wa Malenga wa Mvita, diwani ya mwaka 1971 ambayo wanafunzi wa fasihi wameisoma kwa miaka na mikaka. Wakati mwalimu darasani alikuwa akichambua vina na mizani vya mshairi huyo, Mombasa watu walikuwa wakimsikia usiku wa Jumamosi, chini ya mwembe wa mtaa, biarusi akiwa amepambwa.

Hakuwa peke yake. Zein l’Abdin, mpigaji udi mashuhuri kutoka Lamu, aliimba tungo za Ahmad Sheikh Nabhany, mtaalamu yuleyule aliyetuachia Sambo ya Kiwandeo na neno runinga. Zuhura Swaleh alichukua mdundo wa chakacha, ule wa faraghani, akautia katika taarabu ya hadharani. Na pale Maulidi Juma na kikundi chake walipoalikwa, wenye harusi walijua usiku utakuwa mrefu.

Hizi si tungo za kubahatisha. Washairi wa pwani wana bahari iitwayo “wimbo”, yenye mishororo mitatu kwa kila ubeti na mizani kumi na mbili kwa kila mshororo, sita upande huu na sita upande ule. Umbo lenyewe linatangaza kazi yake kwamba limeundwa liimbwe. Mtunzi alihesabu, akapima, akampa mwimbaji. Mwimbaji naye akalifikisha neno mahali ambapo kitabu kisingefika, kwa watu wengi ambao hawakujua kusoma lakini walijua fika ushairi mzuri ni upi.

Walilipwaje? Hapa kuna neno jingine la kutazamwa kwa makini. Katikati ya wimbo, mgeni huinuka, mara nyingi mwanamke, akajongea kwa madaha hadi mbele na kumpa mwimbaji noti. Kitendo hicho ni kutuza, na kinachotolewa ni tuzo. Lakini kutuza hakukuwa bakshishi tu. Aliyeinuka kwenye ubeti fulani alikuwa akisema mbele ya watu wote: hili ni langu, na mwenye masikio ameshanisikia. Mke mwenza aliweza kujibiwa hivyo bila neno kutoka kinywani. Jirani mgomvi aliweza kupewa salamu zake. Vilevile mama aliweza kuinuka kwenye ubeti wa sifa, machozi yakimlengalenga, akamtuza mwimbaji kwa niaba ya bintiye anayeondoka nyumbani. Leo neno tuzo limepanda cheo. Tunalitumia kwa medali, kwa filamu, kwa riwaya bora ya mwaka. Ni vizuri, ila tusisahau lilikolelewa.

Je, yote haya yalibadilika vipi? Sababu ni nyingi, na nyingi kati yake ni za kawaida kabisa. Harusi imefupishwa kutoka siku saba hadi saa tano, na mwenye ukumbi anataka ufunguo wake saa kumi na mbili jioni. Kikundi cha watu kumi na wawili na ala zao kina gharama ya ujira, usafiri na chakula, ilhali dijei anafika na msaidizi mmoja. Familia zimechanganyika. Bwana harusi ametoka Kisii, biarusi Taita, wageni wamekuja kutoka kaunti kumi, na nyimbo zinazojulikana na wote zimebaki kuwa zile za redio. Huko Tanzania, taarabu mpya ya vinanda vya umeme na mipasho ya wazi ilishika hatamu tangu miaka ya 1990, fumbo likapungua makali kwa sababu sasa kila kitu kinasemwa kinagaubaga. Simlaumu yeyote kwa haya. Hakuna aliyekaa chini akaamua kumfukuza mshairi harusini. Aliachwa tu nje ya orodha ya wageni.

Na si pwani peke yake. Mwaka 2014, UNESCO iliiingiza isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Magharibi mwa Kenya katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Isukuti huchezwa kwenye harusi pia, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba wajuzi wake wamezeeka, warithi hawapo, na hadhira inapenda burudani za kisasa. Ukiyasoma hayo utadhani yameandikwa kuhusu vugo.

Matokeo yake ni kwamba tumeanza kutosikia. Huenda hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wimbo wa Malaika, uliovuma tangu miaka ya mwanzo ya 1960 kwa sauti ya Fadhili William na baadaye Miriam Makeba, hupigwa katika harusi nyingi, tena maharusi wakicheza wameshikana viuno. Ukiyasikiliza maneno yake, ni kilio cha kijana ambaye ameshindwa kuoa kwa sababu hana mali. Sina Makosa wa Les Wanyika, wa mwisho wa miaka ya 1970, huinua wageni wote vitini, shangazi na wachungaji. Nao unahusu penzi la wizi, la watu ambao kila mmoja ana mwenziwe. Ni nyimbo tamu, sitaki ziachwe. Nasema tu kwamba bibi wa Mombasa wa mwaka 1950 angesikia wimbo wa namna hiyo ukipigwa biarusi akiingia, angeuliza papo hapo ni nani aliyeutuma, na kwa nia gani.

Angalia pia aliyeshika kipaza sauti. Kiswahili kimejaribu kumpa jina, na wengine humwita mshereheshaji, jina zuri. Lakini mitaani, watu wamezitania herufi zile mbili za Kiingereza wakasema MC ni kifupi cha “msema chochote”. Ni mzaha, ila mzaha wa Waswahili hauendi bure. Mahali pa mtu aliyehesabu mizani sita kwa sita kabla hajafungua kinywa, tumemweka mtu ambaye sifa yake ni kusema lolote linalomjia.

Je, turudi kwenye gungu na vugo? Sidhani. Historia niliyoieleza haituruhusu kuota hivyo. Watu walioazima tarumbeta za Waingereza, kanuni ya Wamisri na mahadhi ya Bombay wasingeogopa spika za dijei. Wangeziazima pia, tena haraka. Ila wangeuliza: maneno yetu tutayatia wapi?

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanaojiandaa kuoana si mkubwa wala wa gharama. Mwajirini dijei wenu. Lakini katika ile bajeti, baada ya keki na kabla ya maua, tengeni fungu la mtunzi mmoja. Mpeni majina ya maharusi na ya wazazi, mwambieni maharusi wametoka wapi na walikutanaje, mama anaogopa nini, baba anajivunia nini. Atunge beti saba au nane. Ziimbwe mara moja, kwa mahadhi yoyote mtakayo, yawe ya taarabu, ya rumba, ya injili au ya hao wanaoitwa Gengetone. Kisha zichapishwe nyuma ya ratiba ya siku, jina la mtunzi likiwa chini yake. Baada ya miaka ishirini picha zitakuwa zimepotea katika simu iliyoibwa, na beti hizo huenda zikawa bado zinakaririwa na shangazi.

Kwa orodha ya dijei, maharusi wenyewe waketi nayo jioni moja. Wasikilize kila wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuulizana unasema nini, nani anaambiwa, na kama wangependa kuambiwa hivyo siku hiyo. Ni mazungumzo mazuri kwa watu wanaotarajia kuishi pamoja.

Washairi wapo. Msinieleze kwamba wamekwisha. Kila wiki gazetini hufika mashairi kutoka Kwale, Busia, Nyeri na Garissa, yenye vina safi, mengine yaliyotungwa na wanafunzi wa shule za upili, mengine na walimu waliostaafu. Wengi wao hawajapata kulipwa hata shilingi moja kwa ubeti, wala hawajapata kuuona uso wa mtu aliyeguswa na maneno yao. Wanaandika wakitumai mhariri atakuwa na nafasi. Wapo mtaani kwenu, na yumkini mmoja wao tayari yumo katika orodha ya waalikwa, ameandikiwa meza ya nyuma karibu na jenereta.